Kilichoitikisa Mayotte

   Leo tunazungumza juu ya matetemeko ya ardhi, na mazungumzo yetu yatatupeleka baharini, kusini-mashariki mwa pwani yetu, mpaka kwenye kisiwa cha Mayotte katika visiwa vya Komori.

Kabla hatujavuka bahari, hebu nikuulize. Usiku wa tarehe 12 Agosti 2020 ulikuwa wapi? Saa mbili na ushei, ardhi ya pwani ilitikisika. Dar es Salaam watu walishuka mbio kutoka maghorofani, wengine peku. Kitovu kilikuwa baharini, jirani na Mafia. Swali la kwanza usiku ule lilikuwa, "Na kwenu pia?" Kulipokucha likaja la pili: limetoka wapi hili, na limeletwa na nini?

Hilo la pili ndilo letu leo. Tetemeko likishapita, mtaalamu anakijuaje chanzo chake? Hakuna aliyeshuka kule chini akaona. Kilomita 30 chini ya sakafu ya bahari hafiki mtu wala mashine. Kinachobaki mikononi ni michoro ya mtikisiko, saa sahihi na ramani, na kwa vitu hivyo mtaalamu anatakiwa kujibu maswali matatu. Nitayataja taratibu, maana tutayarudia. Wapi? Kina gani? Na tatu: ni kitu gani kilichosogea?

Kwa nini hilo la tatu liwe na uzito? Chukua matetemeko matatu ya upande wetu huu wa dunia. La kwanza ni la Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri. Watu wasiopungua 17 walifariki, maelfu ya nyumba yalianguka au kupasuka, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya. La pili ni la Gelai, karibu na Ziwa Natron, tarehe 17 Julai 2007. Nairobi walilisikia, wafanyakazi wakatoka maofisini wakasimama barabarani. La tatu ni la Mayotte, tarehe 15 Mei 2018. Na yote matatu, msikilizaji, yalipimwa ukubwa uleule. Kagera 5.9. Gelai 5.9. Mayotte 5.9.

Namba moja, lakini kilichotokea chini ya ardhi hakikuwa kimoja. Kagera mwamba ulikatika penye ufa, pande mbili zikateleza, mambo yakaisha kwa kishindo kikubwa kimoja kilichofuatiwa na mitikisiko midogo iliyozidi kufifia. Gelai mambo yalianza kidogo kidogo siku chache kabla, na picha za rada za setilaiti zikaonyesha baadaye kwamba ardhi ilikuwa imepanuka: magma, yaani miamba iliyoyeyuka, ilikuwa imejipenyeza ndani ya ganda la dunia na kulipasua. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Septemba, Ol Doinyo Lengai, jirani yake, ukalipuka na kurusha majivu. Na Mayotte? Mayotte kilichotokea kilichukua mwaka mzima kujulikana, na ndicho kilichonifanya nikuletee mazungumzo haya.

Basi tuvuke.

Mayotte iko kati ya Msumbiji na Madagaska, katika ule ule msururu wa Ngazidja, Nzuwani na Mwali. Wenyeji wanaiita Maore. Iko chini ya Ufaransa, lakini Kimaore ni ndugu wa damu wa Kiswahili, adhana inasikika asubuhi kama inavyosikika Unguja, na hata saa yao ni saa yetu. Kisiwa kimezaliwa na volkano za zamani sana, zilizopoa. Upande wa mashariki kuna kisiwa kidogo, Petite-Terre, penye uwanja wa ndege, na pale pana ziwa la kijani liitwalo Dziani, lililokaa ndani ya shimo la mlipuko wa kale. Watoto wanaliona kila siku. Lakini hakuna mtu aliyekuwa hai mwaka 2018 aliyekuwa na kumbukumbu ya volkano inayowaka Mayotte, wala babu yake. Volkano ilikuwa habari ya Ngazidja, kwenye mlima Karthala.

Tarehe 10 Mei 2018 ardhi ikaanza kutikisika. Mara moja, mara ya pili, mara ya kumi. Siku tano baadaye, kabla kidogo ya saa moja usiku, Ramadhani ikiwa mlangoni, likaja lile la 5.9. Nyumba ziliota nyufa. Watu walitandika mikeka nje wakalala uwanjani pamoja na watoto. Na haikuishia hapo. Yalikuja mengine ya ukubwa wa 5, na mengine tena, na baina yake mamia ya madogo, usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

Hapo, msikilizaji, tayari tunayo dalili ya kwanza. Kumbuka Kagera: kubwa moja, kisha madogo yanayopungua. Mayotte mpangilio haukuwa huo. Madogo yalitangulia, kubwa kabisa likaja katikati, na makubwa mengine yaliyokaribiana nalo yakafuata bila mpango wowote wa kupungua. Wataalamu wanapoona hivyo hujiuliza kama kuna kitu kinachotembea kule chini, kinachozidi kuusukuma mwamba, badala ya ufa uliokwisha kuteleza na kutulia. Maji yanaweza kufanya hivyo. Gesi inaweza. Magma inaweza. Ni dalili tu, na kwa dalili hujapata jibu.

Haya, turudi kwenye swali letu la kwanza. Wapi?

Tetemeko hutoa mawimbi ya namna mbili yanayopita ndani ya mwamba. La kwanza linasukuma na kuvuta kuelekea linakokwenda, nalo ndilo lenye kasi. La pili linatikisa kwa ubavu, linafuata nyuma, na kwa kawaida ndilo linalotikisa nyumba zaidi. Yanaondoka pamoja, lakini kadiri safari inavyokuwa ndefu ndivyo la pili linavyozidi kuachwa. Kwa hiyo ukihesabu sekunde zilizopita kati ya kufika la kwanza na kufika la pili, umepata umbali. Kwa makadirio ya mkono, kila sekunde ni kama kilomita 8. Sekunde 6 ni karibu kilomita 50. Wewe mwenyewe unaweza kufanya hesabu hiyo siku moja: ukisikia mshindo mwepesi wa kwanza, hesabu mpaka mtikisiko mkubwa ufike.

Lakini umbali si mahali. Kituo kimoja kikisema kilomita 50, chanzo kinaweza kuwa mashariki, magharibi, kusini au kaskazini. Kinaweza pia kuwa chini. Lazima upate kituo cha pili na cha tatu, kila kimoja kichore duara lake, na pale maduara yanapokutana ndipo penyewe. Na Mayotte ndipo tatizo lilipoanzia. Vituo vya kurekodi mitikisiko vilikuwa vichache mno. Vilivyo karibu vilikuwa kisiwani, vyote upande mmoja wa chanzo. Vingine vilikuwa mbali: Ngazidja, Madagaska, Kenya. Kwa vituo hivyo waliweza kusema kwamba matetemeko yanatoka baharini, mashariki ya kisiwa, kama kilomita 50 hivi. Kina chake, hapana. Kina kilibaki hakijulikani sawasawa kwa miezi mingi, na kina ndicho kilichohitajika.

Hapa niseme ninaloliamini. Vyombo vya kupima matetemeko lazima viwekwe wakati ardhi imetulia. Mabamba ya ganda la dunia chini ya bahari hii yetu yanasogea polepole, na Mayotte, iliyo chini ya nchi tajiri, ilikutwa haina vya kutosha. Tutafakari hali ya waliobaki.

Tuendelee. Wapi: mashariki, baharini. Kina gani: bado. Twende kwenye swali la tatu, ni kitu gani kilichosogea?

Mchoro wa seismografu, yaani chombo cha kurekodi mitikisiko, una siri moja nzuri sana. Unaonyesha kama mguso wa kwanza kabisa uliisukuma ardhi au uliivuta. Bomu likilipuka chini ya ardhi, vituo vya pande zote vitaona kusukumwa, maana nguvu imetoka katikati kwenda nje kila upande. Ufa ukiteleza, mambo ni tofauti: vituo vya robo moja vitaona kusukumwa, vya robo inayofuata vitaona kuvutwa, kisha kusukumwa, kisha kuvutwa. Kwa kukusanya mguso wa kwanza kutoka vituo vya dunia nzima, mtaalamu anaweza kusema mwamba uliteleza upande gani, hata kama ametulia ofisini maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Wakapima. Na matetemeko makubwa ya Mayotte yakaonyesha nini? Ufa. Pande mbili za mwamba zilizopishana ubavu kwa ubavu. Kwa hiyo ungehukumu kwa ushahidi huo peke yake, ungesema hapa hakuna volkano, haya ni mabamba ya dunia yanayosogea, mambo ya Kagera. Na kulikuwa na sababu nzuri ya kusema hivyo. Ungekuwa umekosea, na tutaona kwa nini.

Juni ikaenda. Matetemeko makubwa yakaanza kupungua. Julai ilipofika, mitikisiko ya kutisha ilikuwa imekuwa nadra, watu wakarudi kulala ndani. Ulikuwa utulivu wa kweli, na kila mtu kisiwani alistahili kuufurahia.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana hapa ndipo kiini cha mazungumzo ya leo kilipo. Mayotte kulikuwa na vifaa vya GPS vilivyosimikwa ardhini, vinavyopima mahali vilipo siku hadi siku kwa usahihi wa milimita chache. Havikuwekwa kwa ajili ya volkano. Na vifaa hivyo, kuanzia mwezi ule ule wa Julai, mitikisiko mikubwa ilipopungua, vilianza kuonyesha kwamba kisiwa kizima kinahama. Kinaelekea mashariki. Na kinazama. Hakikuhama kwa kishindo kimoja. Kilihama kidogo kidogo, kila siku, kwa miezi. Mwishowe kisiwa kilikuwa kimesogea kama sentimita 20 kwenda mashariki na kushuka kati ya sentimita 10 na 20, hasa upande wa Petite-Terre.

Fikiria wewe. Ufa unapoteleza, ardhi huhama kwa sekunde chache, ikatulia. Hapa ardhi ilihama taratibu, bila kishindo. Tena vifaa vyote vilielekea upande mmoja, kule mashariki baharini, na vyote vilishuka. Kuna maelezo gani? Kwamba kule chini, mashariki, kuna kitu kinachopungua. Kuna hazina inayomwagika, na ardhi iliyo juu yake na pembeni yake inavutwa kuelekea pale panapobaki wazi. Wataalamu walipopiga hesabu, hazina hiyo ikaonekana kuwa ndani sana, zaidi ya kilomita 25 chini. Magma ilikuwa inatoka humo. Swali likawa: inakwenda wapi?

Jumapili ya tarehe 11 Novemba 2018, saa sita na nusu mchana, kikatokea kitu kilichoshangaza dunia. Vituo vya Kenya, Zambia na Ethiopia vilirekodi mtikisiko wa ajabu. Kisha Chile. Kisha New Zealand, Kanada, hadi Hawaii. Ulidumu zaidi ya dakika 20. Lakini hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeuhisi, wala kule Mayotte kwenyewe. Tetemeko la kawaida lenye nguvu ya kuizunguka dunia huanza kwa mruko mkali na mawimbi yaliyochanganyika, ya haraka na ya polepole. Huu ulikuwa na mdundo mmoja, uleule, unaorudi kila baada ya sekunde kama 15, kwa dakika zote hizo. Mtu angeweza kudhani ni hitilafu ya mashine. Haikuwa hitilafu, maana mashine za mabara manne haziwezi kuharibika kwa namna moja na kwa wakati mmoja.

Nikueleze kwa siwa. Wewe wa Lamu unaijua siwa, lile baragumu kubwa la heshima. Mpulizaji anaingiza pumzi kwa nguvu, lakini sauti inayotoka haiamuliwi na pumzi peke yake. Inaamuliwa na urefu wa siwa na nafasi iliyo ndani yake. Pembe ndogo inalia nyembamba, siwa inalia nzito. Ukisikia sauti bila kuona chombo, bado unaweza kukadiria ukubwa wake. Ndivyo wataalamu walivyoyasoma mawimbi yale ya Novemba. Mdundo mmoja unaojirudia maana yake kuna nafasi iliyojaa kitu cha majimaji, na kitu hicho kinatikisika huku na huko ndani yake. Na mdundo wa sekunde 15 hautoki kwenye nafasi ndogo. Kundi la watafiti lililoongozwa na Simone Cesca wa taasisi ya GFZ, Potsdam, Ujerumani, lilitafuta katika rekodi za nyuma na mbele, likakuta mitikisiko ya namna hiyo kwa mamia. Ule wa Novemba ulikuwa mkubwa wao tu. Maelezo yao ni haya: hazina ya magma ilipokuwa ikimwagika, paa la mwamba lililo juu yake lilibaki halina kitu cha kuliegemeza, likawa linakatika vipande vipande, na kila kipande kikishuka, magma iliyobaki chini ilipata mshtuko ikadunda.

Kwa hiyo sasa tumejikusanyia dalili tatu. Matetemeko yaliyokuja kwa makundi. Kisiwa kinachohama na kuzama taratibu. Na mdundo mmoja uliozunguka dunia. Zote zilisema magma. Lakini mtu mwenye haki ya kuhoji angeuliza, na ni vizuri kuuliza: magma hiyo iko wapi? Ionyesheni.

Februari 2019 vyombo vya kurekodi mitikisiko vilishushwa sakafuni mwa bahari, juu kabisa ya eneo lenyewe. Mwezi Mei meli ya utafiti iitwayo Marion Dufresne ilifika, chini ya uongozi wa kisayansi wa Nathalie Feuillet wa taasisi ya fizikia ya dunia ya Paris. Meli ile hupiga sauti kuelekea chini na kusikiliza mwangwi, na kwa mwangwi inachora ramani ya sakafu ya bahari. Bahati nzuri, ramani ya eneo lile lile ilikuwa imechorwa mwaka 2014. Kwa hiyo walikuwa na ya zamani na ya sasa, wakaziweka pamoja.

Ramani ya 2014 ilionyesha sakafu tambarare, kina cha mita 3,500 hivi. Ramani ya 2019 ilionyesha mlima wa mita 820.

Mita 820, msikilizaji! Umbali wa kilomita 50 kutoka watu wanapoishi, na hakuna jicho lililouona ukiota. Juu yake ulisimama mchirizi wa gesi na majimaji uliopanda majini kama kilomita 2 ukaishia humo humo, usifike juu. Mvuvi aliyepita hapo na mashua yake angeona bahari ya kawaida. Lava iliyokuwa imetoka ilifikia kilomita za ujazo 5 hivi. Ukiitandaza juu ya Unguja yote, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi, ingefunika kila kitu kwa unene wa mita 3. Ni mlipuko mkubwa kuliko yote ya chini ya bahari iliyowahi kupimwa. Volkano hiyo leo ina jina, Fani Maoré.

Na vyombo vya sakafuni vikajibu swali letu la pili, lile la kina, lililotusumbua tangu mwanzo. Matetemeko yalikuwa yakitokea kina cha kilomita 25 mpaka 50. Huko ni ndani mno kwa matetemeko ya volkano.

Sasa turudi nyuma tuisimulie upya habari yote, safari hii tukiwa na majibu. Mei 2018, magma iliyokuwa imelala ndani sana ilipata njia. Ikaanza kupanda, ikipasua mwamba kuelekea juu na kuelekea mashariki. Kila ilipojipenyeza iliusukuma mwamba wa pembeni, na mwamba huo ulikuwa na nyufa zake za zamani, zilizokwisha kukazwa na mwendo wa mabamba ya dunia. Nyufa zikateleza. Ndizo zilizotoa lile la 5.9 na mengine makubwa, na ndiyo maana mguso wa kwanza ulionyesha ufa. Ushahidi ule haukuwa wa uongo. Ufa uliteleza kweli, ila aliyeusukuma alikuwa mwingine.

Na Julai? Ule utulivu wa Julai? Magma ilikuwa imefika sakafuni mwa bahari. Haikuwa na haja tena ya kupasua mwamba, kwa kuwa njia ilikuwa wazi. Ndipo hazina ikaanza kumwagika, na ndipo kisiwa kikaanza kuzama. Yaani siku zile watu wa Mayotte walipoona shida imepungua, kumbe ndipo volkano ilipokuwa inazaliwa. Narudia, maana ni rahisi kulisikia jambo hili likapita: kupungua kwa matetemeko ndiko kulikokuwa mwanzo wa mlipuko. Aliyekuwa akisikiliza mitikisiko peke yake asingejua. Ilibidi asikilize mitikisiko, apime ardhi, achore bahari, kisha avisome vyote pamoja.

Sitaki niwasahau watu wenyewe. Katika miezi ile ya kwanza wenye nyumba zilizopasuka walitaka kuelezwa, na maelezo yalichelewa. Yaliyofika yalikuja kwa maneno ya wataalamu, kwa Kifaransa cha ofisini, wakati bibi aliyelala uwanjani anazungumza Kimaore au Kibushi, lugha za kisiwani. Wakazi wakaanzisha kikundi chao mtandaoni. Mtu akitikisika anaandika: saa ngapi, kijiji gani, kwa nguvu gani. Maelfu walijiunga. Mimi naliheshimu sana jambo lile. Watu wale walifanya kazi ya kisayansi kabla wanasayansi hawajawafikia, na uvumi ulipozagaa walikuwa na mahali pa kuuliza. Mtaalamu kusema "bado hatujui, ila tunajua hili na hili" kuna faida kubwa kuliko kunyamaza mpaka ajue yote. Wenye dhamana ya kutangaza habari za matetemeko, iwe Moroni, Dodoma au Nairobi, nawaomba waanze kuzungumza na watu siku ile ile, kwa lugha ya watu.

Nawe msikilizaji, ukitikisika, tazama saa. Kumbuka ulikuwa ghorofa ya ngapi, mtikisiko ulidumu kama sekunde ngapi, vyombo vilianguka au vililia tu. Toa taarifa kwa ofisi ya serikali ya mtaa au ya jiolojia iliyo karibu nawe. Na ukiwa ufukweni, mtikisiko ukiwa mkali au wa muda mrefu, au ukiona bahari inarudi nyuma ghafla, panda mahali pa juu papo hapo. Usisubiri tangazo, hata langu.

Dakika zetu zinakwisha, lakini habari ya Mayotte haijaisha. Lava mpya kwenye Fani Maoré haijaonekana tangu mwanzoni mwa 2021. Hata hivyo matetemeko madogo yanaendelea, na mengi hayatoki kule kwenye volkano mpya. Yanatoka karibu zaidi, kilomita 5 mpaka 15 tu kutoka Petite-Terre, ndani sana chini ya bahari, na juu ya eneo hilo gesi inatoka kwenye sakafu ya bahari. Mteremko wa bahari upande ule ni mkali, na wataalamu wamepiga hesabu za mawimbi yanayoweza kutokea kama sehemu yake ikiporomoka. Ndiyo maana upo mtandao wa kudumu wa kuifuatilia volkano, uitwao REVOSIMA, unaokusanya mitikisiko, mwendo wa ardhi na gesi, na kutoa taarifa kwa umma. Maswali wanayoyajibu ni yale yale matatu: wapi, kina gani, ni kitu gani kilichosogea.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutabaki kwenye visiwa hivyo hivyo vya Komori, tupande Karthala pale Ngazidja, tuone watu wa huko wanaishije na mlima wa volkano hai. Kama umewahi kuishi Moroni, au una jamaa huko, tuandikie utuambie uliyoyaona.